Hatua Ishirini na Nne

Foleni ilifika mlangoni, na aliyeisababisha alikuwa kaegemea kaunta ya duka la vipuri, akipima rezista moja moja kwa mita yake. Fundi Redio alitaka jozi zinazolingana kabisa.

"Samahani, unachambua mchele?" sauti ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Gauni la manjano, futi ya kupimia shingoni, pedali ya cherehani ya umeme mkononi. Moyo ukamlipuka paa.

"Natengeneza kidhibiti sauti, dada. Ukizungusha, kila hatua ina rezista zake za kupunguza sauti. Sikio la kushoto na la kulia yasikie sawasawa."

"Na miguu yetu sisi tuliosimama, yote miwili inauma sawasawa."

Foleni nzima ikacheka. Siku hiyohiyo Fundi akamtengenezea pedali, na miezi mitano baadaye Mshonaji alikuwa akimwita laazizi. Alibaki baba yake, mwalimu mstaafu aliyependa vitu viwili tu duniani, binti yake na muziki wa zamani, na bila baraka zake hakuna ndoa.

Fundi akampelekea zawadi: kidhibiti sauti cha hatua ishirini na nne, ndani ya kisanduku cha mbao alichokisugua msasa mpaka kikang'aa.

"Anzia chini kabisa, mzee," akasema kwa madaha alipokwisha kukiunganisha na redio.

Mzee akazungusha kishikio kushoto mpaka mwisho, akawasha. Tarumbeta zikalipuka! Chai ikamrukia kifuani. "Punguza, mzee!" Mzee akazidi kukaza kushoto hadi kishikio kikang'oka. Fundi akaruka kuchomoa waya ukutani.

"Kijana," mzee akasema akihema, "umekuja kuposa binti yangu au kunirithi?"

Jioni simu ikaita. Alikuwa Mshonaji.

"Ulisema umekipima!"

"Nilikipima, mpenzi! Kushoto na kulia havipishani hata chembe."

"Basi umemziba masikio yote mawili kwa usawa. Baba anasema ulimfanyia mzaha. Na wewe kwa utani hujambo! Usinipigie tena."

Siku nne Fundi hakula akashiba. Alimpenda yule binti kupita kiasi, na aliona wazi kwamba anamkosa. Siku ya tano Mshonaji akaingia karakana, kisanduku kwapani, kifuniko kimefunguliwa.

"Mchoro wako uko wapi?"

Akampa.

"Swichi ya kuzungusha uliichora ukiitazama kwa mbele?"

"Ndiyo."

"Na kulehemu?"

"Kwa nyu..." Fundi akashika kichwa. Ukiigeuza swichi, kushoto kunakuwa kulia. "Mungu wangu! Rezista zote nimezipanga kinyume!"

"Nilipoanza kazi nilisahau kugeuza kitambaa, nikamshonea bwana harusi shati la mikono miwili ya kushoto." Akacheka mpaka machozi. "Nimemweleza baba. Kasema hakuna mtu wa mzaha anayelehemu kwa unadhifu hivi. Huu ni ujinga wa kweli, na mjinga mwenye bidii anamtaka."

"Nizifungue nizipange upya?"

"Thubutu! Baba keshabandika karatasi ukutani: KUSHOTO NI KELELE. Rudisha kishikio tu, na Jumapili uje na wazee wako."

Mshonaji akavua futi shingoni.

"Simama wima nikupime shati la harusi."

"Litakuwa na mikono mingapi ya kushoto?"

"Mmoja, laazizi," akasema akimzungushia futi mabegani. "Nitahakikisha mara mbili kabla ya kukata."