Shimo Nyuma ya Mabati

Mama Dobi alifua nguo za watu uani kwake. Kila asubuhi aliteka maji kisimani, akaloweka mashuka ya nyumba ya wageni, akafikicha kola za walimu hadi zikatakata. Maji hayo hayo familia iliyanywa na kuyapikia. Kisima kikiharibika, kazi imekwisha na jiko limezimika.

Upande wa pili wa ua, Muuza Mbao alikuwa anajenga. Alizungusha mabati marefu kama mtu anayeficha kitu. Mafundi wake walikuja Jumamosi na Jumapili tu, siku ambazo ofisi zimefungwa.

"Mtu mwenye kibali hajifichi," Mama Dobi alimwambia mumewe, fundi baiskeli. "Yule anapandisha ghorofa. Atakaa dirishani ahesabu viraka vya magauni yangu."

Mumewe alicheka. "Viraka vyako mtaa mzima unavijua, mke wangu. Una macho ya polisi wewe."

Lakini hata yeye aliacha kucheka siku waliposikia sururu zikichimba karibu na kisima. Mama Dobi alichungulia kwenye tundu la msumari. Aliona shimo kubwa. Fundi aliyekuwa ndani alionekana kofia tu.

"Msingi wa ghorofa huo!" alinong'ona. "Nilikwambia!"

"Subiri giza liingie," mumewe alisema, akishika koleo. "Nitalifukia lote."

"Ufukie, halafu alale rumande nani? Weka koleo chini, baba. Kwanza nitamuuliza."

Akaenda kupiga hodi. Muuza Mbao alitoka, akarudishia geti nyuma yake haraka.

"Karibu, Mama Dobi. Ndani kuna vumbi, tuongee hapa hapa."

"Jirani, lile shimo ni la nini? Na kibali cha ujenzi unacho?"

"Kibali ninacho. Kwani tulinunua kiwanja pamoja?"

"Hatukununua pamoja. Ila kisima changu kiko hapo ubavuni."

"Basi teka maji yako, uniachie shimo langu."

Geti likafungwa.

"Huyu amehonga mtu," Mama Dobi aliwaza Jumatatu, njia nzima hadi ofisi ya mji. Kwenye idara ya ujenzi alimkuta mkaguzi wa majengo, dada mmoja mwenye buti za matope.

"Mama, una uhakika hana kibali?" mkaguzi aliuliza.

"Sina uhakika. Nina shaka."

"Shaka inatosha kuja kuuliza. Haitoshi kumwita mtu mhalifu. Sasa nieleze ulichokiona, si unachokidhani."

Mama Dobi alieleza shimo liko upande gani, lilivyomzamisha fundi hadi kofia, na lilivyo karibu na kisima. Mkaguzi akatandaza ramani ya jirani mezani.

"Kibali anacho," alisema. "Tena cha nyumba ya kawaida. Hakuna ghorofa hapa."

Uso wa Mama Dobi ulimshuka.

"Lakini shimo hilo si msingi, mama. Nadhani ni la choo. Kwenye ramani, shimo la choo liko mbele, kando ya barabara. Huku nyuma hakukuchorwa shimo lolote."

"Jamani! Kisima changu!"

"Ndiyo. Uchafu wa choo hupenya ardhini ukaingia kisimani. Maji utayaona safi, na yatawaumiza matumbo. Kibali hakimruhusu mtu kujenga apendavyo. Kinamruhusu kujenga kilichochorwa. Umefanya vizuri kuja mapema. Nyumba ikishakwisha, kurekebisha ni kazi kubwa."

"Na akijua ni mimi niliyekuja?"

"Mimi sitamtajia."

Mama Dobi aliitikia, lakini hakuamini sana.

Jumamosi, mafundi wakiwa kazini, mkaguzi alifika ingawa ofisi ilikuwa imefungwa. Mama Dobi alianika mashuka taratibu, masikio kwa jirani.

"Mbele kuna mwamba, dada!" Muuza Mbao alilalamika. "Kuchimba kule ni taabu tupu."

"Ungekuja ofisini tutafute njia. Hukuja. Simamisha kazi, ufukie shimo hili. Na kwa nini mnajenga wikendi tu?"

"Mafundi wangu wana kibarua kwingine siku za kazi."

Mama Dobi alisonya. Hakujua aamini au asiamini.

Shimo lilifukiwa. Jipya likachimbwa mbele, mwamba ukavunjwa kwa nyundo, na mkaguzi akarudi kulipima kabla ya ujenzi kuendelea. Kisima kikabaki salama.

Siku moja ya jua kali, Muuza Mbao alibisha hodi kwa Mama Dobi, jasho likimtiririka.

"Jirani, bomba langu limekauka. Naomba maji ya kunywa."

Mama Dobi aliteka, akamjazia kikombe. Muuza Mbao alikitazama kikombe, kisha akamtazama yeye.

"Hujanitilia kitu humu?"

"Ningetaka unywe uchafu, jirani, ningekuacha umalize lile shimo."

Muuza Mbao alikunywa hadi tone la mwisho, akakirudisha kikombe kijazwe tena.