Chupa za Rafu ya Chini

Jumamosi hiyo supamaketi ilikuwa imefurika, vitoroli vinagongana. Dada muuzaji, mtunzaji wa rafu ya mvinyo, alimkuta kijana amechuchumaa, shati jeupe limenyooka kwa pasi, anatoa chupa rafu ya chini na kuzipandisha usawa wa macho. Wala haoni haya!

"Kaka, kazi hii umeajiriwa lini?"

Kijana akaruka, nusura avunje chupa. "Samahani, dada. Mvinyo huu tunatengeneza mimi na mama yangu, kwa zabibu za shamba letu. Huku chini nani atauona? Mpaka mtu adondoshe funguo?"

Dada akajikuta anacheka. "Pale juu anapanga bosi. Rudisha."

Akarudisha. Jumamosi iliyofuata akazipandisha tena, dada akazishusha, wakapeana namba. Mapenzi kikohozi, jamani, simu hazikupoa.

"Mkulima wangu, umekula?"

"Nitakulaje, nami nakuwaza wewe?"

"Mwongo! Nasikia unatafuna."

Lakini siku moja sauti ya kijana ilikuwa imenywea. Mvinyo hautoki. Mama amesema mvinyo ukilala rafuni mwezi huu tena, anang'oa mizabibu apande vitunguu. Dada roho ikamuuma. Kesho yake, bila kumwuliza bosi, akazipandisha chupa zote kwa mikono yake mwenyewe. Liwalo na liwe! Kila mteja aliyesitasita alimvuta: "Jaribu huu, mama. Zabibu za hapa hapa."

Jumamosi kijana alipokuja, dada alikuwa stoo. Alipotoka, mlinzi akamwambia, "Mkulima wako ameona rafu haina chupa yao hata moja, ameondoka bila kuaga."

Akapiga simu. Haipokelewi. Akapiga mpaka kidole kikachoka. Jumapili akavaa gauni lake la njano, lile la kutokea, akapanda basi hadi shambani.

Kijana alikuwa uani anaosha mapipa, suruali kaikunja magotini. Mama yake alisimama kando, jembe mkononi, anaitazama mizabibu.

"Kama bosi wako ametutoa rafuni, ungeniambia tu," kijana alisema bila kuinua uso.

"Nani kawatoa? Mwanamume una macho, subira huna! Mvinyo wenu umekwisha. Umenunuliwa wote! Bosi jana asubuhi amenigombeza kwa kupandisha chupa zenu, jioni kaniandikia oda. Katoni arobaini, hii hapa."

Mama akaipokea karatasi, akaisoma mara mbili, jembe likamtoka mkononi. Vigelegele alivyopiga viliwatimua kuku.

Kijana alisimama ameduwaa, maji yanamtiririka. "Nisamehe, mpenzi. Sasa mimi utaniweka rafu gani?"

"Ya chini kabisa," dada alisema, machozi na kicheko vikimjia pamoja. "Mpaka ujifunze kupokea simu."

"Na wazazi wako tukija kuwaona, nitapandishwa?"

Dada akaangalia viatu vyake. "Njooni kwanza."

"Jumapili ijayo!" mama akadakia. "Na huyo bosi mwambie atapata katoni thelathini na tisa. Moja naenda nayo kwa wakwe."