Nilikula Maini ya Ng'ombe wa Faini

Nina miaka hamsini na mbili, shahada mbili, na nyumba Ilembo yenye vitabu vingi kuliko vyombo. Kwa miaka sita nimeapa mbele ya dada yangu, na hata mbele ya padri, kwamba Nkwimba hakuja kwangu siku ile.

Wasomaji wenzangu... alikuja!

Nina shamba na kijumba Sibwesa. Wiki ya mvua za kwanza, plau yangu iliibwa stoo. Anayelima kwa maksai anajua uchungu wake: mvua haimsubiri mtu. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa maneno ya wanawake kisimani. "Mama Profesa anajua kusoma vitabu vyote, kufunga stoo hajui!"

Walicheka wiki nzima. Mimi, niliyezoea kuwacheka wengine kwa kalamu!

Ndipo akaja Nkwimba, jirani yangu Msukuma, peku, na mimba yake ya miezi saba. Akapiga magoti mlangoni kwa heshima ya kwao.

"Mayu," alisema, ndivyo wanavyomwita mama, "plau yako anayo mume wangu. Yetu ilivunjika, mvua ikamtia wazimu. Sasa ugali haumpiti kooni. Kesho asubuhi anakuletea mwenyewe. Nakuomba, usiwaambie sungusungu."

Nikamjibu, "Nimekusikia, mwanangu." Akaondoka akinishukuru.

Kabla hajafika kwake nilikuwa nimeshampigia simu kamanda wa sungusungu, nikamwambia kwamba namshuku tu mumewe. Kwa nini? Plau si ilikuwa inarudi? Ilikuwa inarudi, ndiyo... lakini ingerudi kimya kimya, na wale wa kisimani wasingejua. Nilitaka mwizi akamatwe, nionekane.

Asubuhi walimkamata Shija, mumewe, njiani, plau begani, hatua chache kutoka kwangu. Mwizi gani anabeba mali mchana kweupe kuelekea kwa mwenyewe? Hakuna aliyeuliza.

Walimpeleka mashineni, pale tunaposagisha mahindi, ambako mikutano yote hufanyika. Shija alisema alikuwa akirudisha, na kwamba mkewe alikuja kwangu kueleza. Kamanda akanigeukia.

"Mama Profesa, kweli huyu mama alikuja kwako?"

Nkwimba, aliyekuwa amemfuata mumewe hadi pale, alinitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo... alijua nitasema kweli.

"Mimi sijaambiwa kitu," nilisema.

Nimeandika makala nyingi maishani mwangu. Hakuna sentensi yangu iliyofanya kazi upesi kama ile.

Walimchapa mpaka kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika alipojikinga. Wakamtwisha plau shingoni, wakamzungusha uwanja mzima akichuchumaa, akipiga kelele kwamba ametubu. "Ongeza sauti!" walimdhihaki. "Majuto yako hayajafika huku nyuma!" Akaletwa miguuni pangu, machozi na kamasi vimechanganyika na vumbi. "Nimekosa, mayu... nimejuta..."

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, tazama, fimbo imemfundisha! Nikarudi nyumbani nikaandika makala ya kusifu haki ya jadi na machozi ya toba. Gazeti likaitoa. Nikapongezwa.

Faini ilikuwa ng'ombe, na Shija alikuwa na maksai wawili tu. Walimchinja mmoja palepale. Mimi, mwenye mali iliyoibwa, nikapewa maini. Damu ya Shija haijakauka kwenye vumbi, nami nikala. Nikaomba na chumvi!

Hayakuishia hapo. Wizi ulikuwa umelipwa kwa fimbo na ng'ombe. Lakini kwa "kumsingizia mama wa watu", walitengwa. Asiwasalimie mtu, asiwape moto mtu, mahindi yao yasisagwe. Atakayekiuka, naye faini. Walitengwa kwa uongo wangu!

Nkwimba alijifungua peke yake, mwanamke hata mmoja hakukanyaga. Mtoto hakuishi. Nilichungulia nyuma ya pazia nikamwona Shija akichimba kaburi kwa mkono wa kushoto. Kaburi dogo vile, na bado lilimchukua asubuhi nzima. Ningeweza kutoka... nikafunga pazia.

Baadaye walihamia Kapalamsenga, ziwani. Tangu hapo harufu ya maini ikikaangwa popote hunitapisha. Jirani zangu wanadhani ni vidonda vya tumbo. Nami huitikia, "Ndiyo, vidonda."

Ndugu zangu, mtakapoona mtu anapigwa huku umati ukidai atubu kwa sauti, msishangilie. Na kama mnajua neno la kumsaidia, litoeni kabla ya fimbo ya kwanza. Nawasihi! Mimi nilijua, nikalimeza, na bado linanikwama.

Mwezi uliopita nilipata namba ya Shija, nikapiga. Nilimweleza yote, nikilia. Kisha, kwa sababu usomi ni ugonjwa, nikamwuliza. Siku ile mashineni, alijuta kweli?

Akanijibu.

"Mayu, mimi nilijuta siku tatu kabla. Ndiyo maana nilikuja na plau begani. Fimbo ya kwanza ilipotua, majuto yakaisha. Kilichobaki kulia kilikuwa ni mwili tu."

Kisha akaniuliza yeye.

"Na wewe, mayu? Umejuta?"

"Sana, baba. Sana!"

"Nani amekuchapa?"

"Hakuna," nilisema.

"Basi huenda majuto yako ni ya kweli. Njoo uyaseme pale mashineni, mbele yao wote. Nkwimba nitamleta mimi."

Akakata simu.