Kozi wa Kokshoki

Kek-kek-kek!

Mlio ulitoka ndani ya tairi la akiba.

Tilek, askari wa wanyamapori, aligeuka. Dakika kumi alikuwa amepekua lile gari la UAZ kwenye kizuizi cha mpakani: magunia ya sufu, ngozi, birika. Hakupata kitu. Sasa tairi lililofungwa juu ya paa lilikuwa linalia njaa.

"Zima injini!"

Dereva, Orazkhan, alitabasamu. Akakanyaga mafuta.

Kizuizi kilivunjika vipande. Tilek alirukia pikipiki yake na kuifuata ile UAZ kwenye uwanda wa chumvi.

"Kituo, hapa Mbweha. Makinda wamo ndani ya tairi."

"Ndege ya walanguzi inatua baada ya dakika tisa. Ikiruka nao, basi."

"Nimesikia."

Makinda watano wa kozi, ndege wawindaji. Tangu miaka ile nafaka ilipotiwa sumu ya panya, na kozi wakafa kwa kula panya hao, bonde halikuwa na kozi hata mmoja. Miaka mitatu Bibi Kulash, mlezi wa ndege, alihangaika mpaka akapata hawa, akawaweka kwenye sanduku la mbao pangoni, juu ya mlima Kokshoki, wakue wakijua kwamba pale ndipo kwao.

Pango hilo walilijua watu wawili: Bibi Kulash, na Tilek aliyekula kiapo cha kulilinda.

Halafu ikaja ile harusi.

Orazkhan alishika dombra, zeze la nyuzi mbili, akamgeukia Tilek mbele ya wageni mia mbili:

*Bondeni kwenu ni nzi tu, ndio ndege wa angani,
Kozi waliwakimbia, mwaringia kitu gani?*

Huku kwetu, mtu akichokozwa kwa shairi akanyamaza, wajukuu zake huitwa wajukuu wa bubu. Tilek alisimama. Akajibu:

*Inua macho, mgeni, Kokshoki uitazame,
Watano wapo pangoni, kozi wake kwa waume!*

Watu walipiga makofi.

Orazkhan alipiga kuliko wote.

Sasa Tilek alikuwa ubavuni mwa gari. Alichomoa bastola yake ya Makarov, akalenga gurudumu.

Akasita. Gari likipinduka, paa litakuwa chini.

Alivua koti lake la ngozi ya kondoo na kulitupa. Lilifunika kioo chote cha mbele. Orazkhan alikanyaga breki, UAZ ikazunguka mara mbili, ikazima. Kabla vumbi halijatua, mdomo wa bastola ulikuwa sikioni mwake.

Angani, ndege ndogo ilipita chini chini, ikaliona gari limesimama, ikageuza.

"Taratibu, kaka," Orazkhan alisema, mikono juu. "Mimi sikumpiga mtu, sikumhonga mtu. Nilikaa harusini nikala nyama, ukaniimbia mwenyewe. Tena kwa vina!"

Tilek alimfunga pingu, akapanda paani. Alipasua tairi kwa kisu.

Makinda walikuwa wametiwa kila mmoja ndani ya soksi, wasitapetape. Wanne walifungua midomo. Wa tano shingo ilikuwa imelegea.

"Mbweha, kazi safi!" kituo kilisema alipotoa taarifa. "Pango walilijuaje?"

Alibonyeza redio. Akaiachia. Akabonyeza tena.

"Kwa mdomo wangu. Andika hivyo."

Saa kumi alasiri alifika Kokshoki, kapu mgongoni. Bibi Kulash alihesabu makinda kwa kidole, akarudia kuhesabu. Tilek alimweleza yote, hata shairi. Hakupunguza neno.

Bibi alimfunika aliyekufa kwa leso.

"Lilikuwa shairi zuri?"

"Lilipigiwa makofi, bibi."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo, bibi."

Bibi alikaa juu ya jiwe, akaanza kukanda goti lake.

"Mguu huu hauwezi tena kupanda kwa kamba. Wiki sita nyama ipande pangoni kila siku mpaka watakapojiwindia. Tena unaishusha sandukuni kwa bomba, umejificha nyuma ya mwamba. Wakimzoea mtu, watamwendea kila mtu, na si kila mtu ni mwema."

Redio ilikoroma: gari la kumrudisha mjini lilikuwa tayari, na mkubwa alitaka kumpongeza. Tilek aliizima, akajifunga kamba kiunoni.

"Nitapanda mimi, bibi," alisema. "Wiki sita, kila siku. Na uso wangu hawatauona. Nakuahidi."