Mlimau wa Clotilde

Kila asubuhi Hélène alimwagilia mlimau uliokuwa ndani ya nusu ya pipa. Maji yalipita pembeni tu, yakatokea chini. Majani yalizidi kuwa manjano.

Mbegu ya mti huo aliipanda binti yao, Clotilde, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni huko Panda, kabla ya surua kumchukua. Baadaye Evariste, mume wa Hélène, aliumia mgongo kiwandani, akaachishwa kazi. Kampuni ilikuwa mali ya serikali sasa, lakini, kama zamani, aliyepoteza kazi alipoteza na nyumba ya kambi. Walihamia chumba cha kupanga katika mtaa wa Kikula. Kaburi lilibaki Panda. Pipa walilisukuma kwa mkokoteni.

Evariste aliongeza udongo juu, hata shina likafukiwa.

"Sasa hata muti unaizika," Hélène alimwambia.

Evariste aliushindilia udongo kwa mikono.

Jirani yao, Mama Emérance, aliwahi kufanya kazi katika bustani ya misheni ya Kapolowe. Alikuja, akafukua shina kwa vidole.

"Tata Evariste, muti iko na njaa, weye unaipa blanketi. Humu ndani udongo umeisha, iko mizizi tu. Tuitoe, tuikate."

"Kukata mizizi? Utaiua."

"Inakufa tayari. Unangojea padri?"

Evariste aliingia ndani, akafunga mlango. Hélène akaleta kisu.

Walililaza pipa, wakaligonga pande zote, wakauvuta mti. Mizizi ilikuwa imejizungusha hata ikachukua umbo la pipa. Emérance alikata pembeni kiasi cha unene wa kidole gumba, na chini theluthi nzima. Iliyobaki aliilegeza. Alitoboa matundu zaidi chini ya pipa, ili maji yasituame. Wakaurudisha mti na udongo mpya wenye samadi iliyooza, shina likiwa wazi.

"Na matawi tupunguze," alisema. "Mizizi kidogo haiwezi kulisha matawi mengi. Weka muti kivulini mpaka majani mapya itokee. Kisha kila miaka miwili, mitatu, mbele ya mvua kuanza, tazama mizizi tena."

Kwanza majani mengi yalianguka. Evariste aliyafagia, na Hélène hakumtazama. Mvua ziliponyesha, machipukizi yakatokea.

Mwaka uliofuata mlimau ulizaa. Evariste alipasua tunda la kwanza, akampa mkewe nusu.

"Iko mukali," alisema.

"Clotilde angekula na chumvi."

Tangu Panda hawakuwa wamelitaja jina hilo. Evariste alisimama polepole, akaenda kuleta chumvi.