Paji la Uso la Leonadi

Lori la Bedford lilikata kona ya Kibingo, magurudumu mawili yakiwa hewani.

Gosbert Rwegoshora alilala juu ya tangi la pikipiki yake ya BSA akaongeza moto. Vumbi jekundu. Migomba kushoto, migomba kulia. Mita hamsini. Mita thelathini. Akachomoa bastola yake ya Webley kwapani.

Pwaa!

Misumari barabarani. Pikipiki iliyumba, ikamtupa shambani kwa mtu. Alipoinuka, suruali imechanika gotini na lori limeshapotelea upande wa Murongo. Chini ya magunia yake ya kahawa kulikuwa na madini ya bati yaliyoibwa migodini. Mara ya tatu mwezi huo wa Juni, 1952.

Alifungua sanduku la redio nyuma ya pikipiki.

"Nyumbani, Nyumbani, hapa Mwewe. Ndege ameruka. Ova."

Kule Bukoba, Inspekta wake wa polisi hakupoteza muda. "Mwewe, nataka mtu wetu ndani ya kambi. Ova."

"Wawili niliowaingiza tumewaokota mtoni, afande. Dekker huwashika mkono. Ova."

Dekker alikuwa mgeni aliyejifanya mnunuzi wa kahawa pale Murongo. Kila kibarua mpya alimkalisha mbele ya meza yenye bastola ya Luger, akamshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo ya damu. Kisha akauliza: nani amekutuma? Mwongo damu yake ilirukaruka.

"Basi tafuta mtu ambaye damu yake hairuki," alisema Inspekta. "Kabla ya siku ya gulio. Ova na mwisho."

Gosbert alibaki ameshika kipaza sauti.

Alimjua mtu huyo.

Na papo hapo aliona haya kwamba amemkumbuka.

Leonadi Kakuru alikuwa mfugaji wa Songambele. Walikuwa pamoja vitani Burma, katika jeshi la KAR, Gosbert sajini na Leonadi askari wake. Kipande cha kombora kilimwingia Leonadi juu ya jicho. Katika hospitali ya jeshi daktari alimwonyesha Gosbert kwa ncha ya kalamu mahali kilipopita: mbele kabisa ya ubongo, nyuma ya paji la uso.

"Hesabu anazijua," daktari alisema. "Kumbukumbu nzima. Lakini sehemu hii ndiyo inayopima hofu, haya na huruma pale mtu anapoamua jambo. Wewe ukikaribia nyoka, tumbo linakukaza kabla hujafikiri. Huyu atamwona nyoka, atamtaja jina, na atamkanyaga."

"Atapona?"

"Kidonda kitapona. Ila, Sajini, mambo ya hatari msimwachie aamue peke yake."

Gosbert aliitikia kwa saluti.

Sasa alifika Songambele mchana, na kilo mbili za sukari mkononi. Natukunda, mke wa Leonadi, alimpokea vizuri.

"Karibu, shemeji. Umetutupa kweli."

Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyezoea kuomba radhi. Tangu vita viishe alikuwa akiomba radhi kwa majirani. Leonadi alicheka msibani. Alimwambia katekista mbele ya watu kwamba mahubiri yake yanachosha. Alikojoa njiani mama mkwe akipita. Haya ya nyumba nzima aliibeba Natukunda peke yake.

Gosbert alimkuta Leonadi zizini.

"Kuna kazi kwa Dekker, Leonadi. Kupakia magunia. Utaniambia bati linaondoka lini, kisha siku hiyo utakaa na mzigo mpaka nije. Wawili wamekwisha kufa kwa kazi hii."

"Sawa, Sajini. Niende lini?"

Hakuuliza walikufaje. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyeambiwa kesho kuna soko. Gosbert aliungoja ule wasiwasi, ule mshtuko mdogo wa midomo, ambao ungempa sababu ya kusema basi, acha. Haukuja.

Natukunda alitoka na kibuyu cha maziwa. "Kazi gani hiyo, shemeji?"

"Kubeba kahawa tu," Gosbert alijibu.

Maziwa aliyanywa. Akamrudishia kibuyu bila kumtazama usoni.

*

Siku ya gulio, saa tatu asubuhi, Gosbert alikuwa amelala kwenye mafunjo kando ya kivuko cha Murongo, darubini machoni. Leonadi alikuwa amempenyezea habari: mzigo unavuka leo.

Lakini pale kambini, jirani na kivuko, Dekker alikuwa ameketi mezani nje, akiwapima vibarua wapya kabla mzigo haujatoka. Leonadi mbele yake. Mkono kwa mkono.

Gosbert alikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Nani amekutuma?" aliuliza Dekker.

"Sajini Gosbert," alisema Leonadi. "Yuko pale kwenye mafunjo."

Gosbert akaishika Webley.

Bila shaka! Mtu asiye na hofu hana pia lijamu ya ulimi. Daktari angemwambia. Natukunda angemwambia. Hakuwauliza, maana alijua wangemzuia.

Dekker alibaki amekishika kile kifundo. Alimtazama Leonadi machoni. Damu ilikwenda taratibu, pigo kwa pigo. Wala jasho. Wala kupepesa.

Ghafla Dekker akaangua kicheko. Vibarua nao wakacheka.

"Huyu kiboko! Jasusi gani hujitaja huku damu imetulia?" alisema. "Mpakieni lorini. Akae na mzigo."

Gosbert aliinamia redio, akanong'ona. "Nyumbani, Mwewe. Nataka kumtoa mtu wangu sasa. Ova."

"Hapana. Ngoja lori lipande pantoni. Ova."

"Afande, wanaweza kumuua. Ova."

"Ngoja, Mwewe. Ova na mwisho."

Akangoja. Hilo nalo alilifanya.

Lori liliteremka polepole, likapanda pantoni pamoja na watu wa gulio: wanawake wenye mikungu ya ndizi, mzee na mbuzi wake, mama mwenye mtoto mgongoni. Watu kumi na wanane. Gosbert alipiga filimbi. Askari wakachomoza kila upande.

Dekker, aliyekuwa amepanda pantoni kando ya lori, hakuinua mikono. Alirukia nyuma ya lori, akafunua turubai. Katikati ya magunia palikuwa na kasha la baruti za mgodini, tayari kwa siku kama hii. Akawasha utambi, akarukia mtumbwi uliofungwa ubavuni mwa pantoni. Ushahidi uzame, na watu wazame nao.

Gosbert alikuwa ameshafika ukingoni mbio. Hatua nne tu mpaka lorini. Aliona moshi. Aliona utambi ulivyo mfupi.

Akajitupa kifudifudi kwenye tope.

Mikono kichwani. Mdomo umejaa matope. Juu yake wanawake walipiga mayowe.

Mlio ukaja. Mdogo, mkavu, kama fimbo inayovunjika.

Aliinua uso. Leonadi alikuwa amekaa juu ya kasha. Alikuwa ameung'oa utambi pamoja na fataki yake, kile kijibomba cha kuwashia baruti, akaigeuza mkononi kuitazama, ikamlipukia. Vidole vitatu havikuwepo.

"Inauma," alisema, kama anayetoa taarifa ya mvua. "Ulisema nikae na mzigo, Sajini."

Gosbert alisimama. Akainua Webley, akautoboa mtumbwi kwa risasi mbili palipogusana na maji. Dekker alivutwa nchi kavu amelowa chapachapa.

Askari walimpigia Gosbert saluti. Mwanamume! wakasema. Tope la kifuani walidhani ni la mapambano.

*

Baada ya wiki mbili Leonadi alirudishwa Songambele. Gosbert alimsindikiza kwa Landrova.

Natukunda aliutazama mkono uliofungwa bandeji. Kisha akamtazama Gosbert.

"Yeye hawezi kuogopa," alisema. "Wewe unaweza, shemeji. Kwa nini hukumwogopea?"

Gosbert alivua kofia. "Nilikudanganya, Natukunda. Na utambi ule ilikuwa kazi yangu kuuzima. Nililala kwenye tope."

"Najua. Leonadi ameshamwambia kila mtu."

Leonadi aliitikia kwa furaha. "Ulilala kama mjusi, Sajini. Kuna kazi nyingine?"

Natukunda alifumba macho.

"Hakuna," alisema Gosbert.

Alikwenda kwenye Landrova. Redio ilikuwa inamwita.

"Mwewe, hongera. Gavana amesoma ripoti. Yule mtu wako asiyeogopa, mlete Mutukula Jumatatu. Kuna shughuli kubwa zaidi. Ova."

Ng'ombe walikuwa wakirudi malishoni. Leonadi aliwahesabu kwa sauti, na hakukosea hata mmoja.

"Nyumbani, hapa Mwewe. Mtu huyo amekufa. Kidonda kiliingia sumu. Ova."

Redio ilikwaruza.

"Una hakika? Ova."

"Nimemzika mwenyewe, afande. Ova na mwisho."

Akazima redio. Akavaa kofia, akawasha injini, akaondoka kwa mwendo wa taratibu ili vumbi lisiwafikie pale uani. Ukimwona kwenye usukani, ungesema ni mtu mkavu, asiyeguswa na lolote. Masikio yalikuwa yakimwaka moto mpaka Kayanga.