Papai Katika Pindo la Leso

Haya hayakutokea mbali. Yalimpata Mbeyu, mke wa binamu yangu, hapa hapa Ukunda, mwaka wa tisini na tisa, tena mchana, jua likiwaka. Wanaosema vitisho ni vya usiku peke yake hawajakaa na Mbeyu.

Jumamosi hiyo alikuwa amekwisha kufua na kupika. Akajitanda leso yake nzuri, akafuatana na wifi yake Hanifa, mwalimu wa shule ya msingi, kwenda ukumbini kumsikiliza mwandishi. Kijana mwenyewe akiitwa Kalama. Alianza kwa kuandika visa kwenye mtandao wa kompyuta, katika duka moja la Mombasa, kila wiki kisa, akisomwa na Wapwani walioko Uarabuni na Ulaya. Sisi kompyuta tulikuwa tukiisikia tu. Kisha visa vikawa riwaya yenye jalada la kijani, na siku hiyo alikuja kuisoma mbele ya watu. Mbeyu na vitabu wapi na wapi! Alikwenda kwa sababu Hanifa alimwomba, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa hawezi kumkatalia Hanifa neno.

Sababu ni hii. Alipokuwa bibi arusi mgeni nyumbani kwa wakwe, Mbeyu alivichukua vipuli vya dhahabu vya Hanifa bila ruhusa, akavivaa kwenye harusi Msambweni. Kimoja kikamponyoka, kikapotea. Badala ya kusema, akakificha kile cha pili ndani ya ufa wa ukuta wa chumba chake. Zogo likazuka, na mzee wa nyumba akaleta mganga wa kiraho. Huyo hulisomea papai, akalikata, na kila mtu akala kipande chake. Asiye na kosa humeza salama, mwenye kosa huvimba ulimi.

Nyumbani mlikuwa na msichana wa kazi, Kavindu, wa miaka kumi na sita. Mamake, Kaindi, alikuwa Mkamba aliyepata shamba la skimu, yale yaliyogawiwa na serikali huko juu vilimani. Watu wa kanisani wale, kiraho wamekijulia wapi? Hofu ilimkaba Kavindu, kipande kikamnasa kooni, akakohoa mpaka macho yakamtoka. Watu wakasema, ni huyo.

Mbeyu chake hakukila. Alikifunga katika pindo la leso, na baadaye akakitupa chooni. Mimi simtetei.

Kavindu alifukuzwa siku ile ile. Akaenda kutafuta kazi Mackinnon Road, na kabla ya mwezi kwisha lori likamgonga, akarudishwa ndani ya sanduku. Kaindi akabaki na jina la mama wa mwizi. Mazishini Mbeyu alilia kuliko wote, na watu wakamsifu kwa huruma yake.

Basi, waliketi ukumbini. Kalama alisoma kwa sauti ya upole, habari ya babu yake na mbuzi aliyekula barua ya chifu. Watu wakacheka, na Mbeyu akacheka. Kisha Kalama akafungua ukurasa mwingine, akasema palikuwa na msichana aliyepewa papai.

Mbeyu akaacha kujipepea. Kalama alisoma mkeka waliokalia. Akasoma maua ya leso. Akasoma jinsi msichana alivyojishika koo. Ukumbi ukaangua kicheko.

Mbeyu akamgeukia Hanifa. Hanifa alikuwa akifuta machozi ya kucheka.

Midomo ya Kalama ilizidi kwenda. Lakini sauti haikuwa yake tena. Ilikuwa nyembamba, yenye lafudhi ya bara.

"Mwenzangu hakula," ilisema. "Chake kingali pindoni."

Watu wakacheka tena. Mbeyu akahisi baridi ubavuni. Akapapasa. Leso ilikuwa imelowa.

Shughuli ilipokwisha alimsogelea mwandishi, akamnong'oneza, nani alikusimulia ya papai? Kalama akashangaa. Akasema hajasoma chochote cha papai, akampa kitabu aone. Mbeyu si mtu wa vitabu, lakini kusoma anajua. Ukurasa ulikuwa wa mbuzi na barua ya chifu, na unaofuata ulikuwa wa mbuzi vile vile.

Mlangoni alikutana na Kaindi. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwakatia wageni matunda siku hiyo. Mbeyu akamwamkia shikamoo, na mama wa watu akaitika vizuri, akamnyoshea sahani. Ilikuwa na papai.

"Kula, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye uliyemlilia Kavindu wangu."

Neno likamfika Mbeyu kwenye ncha ya ulimi. Angelisema pale pale, mambo yangekwisha. Lakini Hanifa alikuwa nyuma yake, na nusu ya Ukunda ilikuwa nyuma ya Hanifa. Akasema ameshiba.

Nyumbani aliingia chumbani, akaurudisha mlango, akaivua leso. Pindo lilikuwa na fundo ambalo hakulifunga yeye. Akalifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha papai, kibichi, baridi, na mbegu moja nyeusi imekishika. Mbeyu akaketi kitandani akalia, safari hii kilio cha kweli. Aliona haya mbele ya marehemu Kavindu. Akajiapia kwamba kesho, Inshallah, atasema.

Mlango ukasukumwa. Hanifa alikuwa amekuja na mwavuli uliosahauliwa ukumbini. Naye Mbeyu, kwa ile tabia yake ya kuficha, akakitia kile kipande mdomoni, akameza.

Ulimi ulianza kuvimba Hanifa angali anasema hodi. Ukajaa mdomo. Ukagusa meno. Mbeyu akaenda ukutani kwa magoti, akakwangua ule ufa kwa kucha, akakitoa kipuli na kumtia wifi yake mkononi.

Hanifa alikitambua. Hakufoka. Alisema tu, "Twende kwa mamake."

Walifika kwa Kaindi kabla ya magharibi. Hanifa akaeleza kipuli kilikotoka. Kaindi akakigeuzageuza kile kipuli, akakiweka chini, akainama karibu na uso wa Mbeyu.

"Nitajie jina la mwanangu," alinong'ona. "Useme hakuiba."

Mbeyu akafumbua mdomo. Hakikutoka kitu.

Ulimi ulirudi hali yake siku ya nane. Hospitali walisema huenda ni chakula. Hanifa aliyatangaza mambo yale kila mahali, na watu wakasikia, lakini Kaindi anasema kosa la mtu haliungamwi kwa mdomo wa mwingine. Kwa hivyo kila Ijumaa Mbeyu huenda akaketi uani kwake. Kila neno analisema, salamu, dua, majina yetu sote. Akifika kwenye jina la Kavindu mdomo hubaki wazi, na Kaindi hungoja.

Leso ile Kaindi ameishika yeye. Huifua na kuianika kwa mikono yake mwenyewe, na mimi nimekwenda nikaiona kambani. Yote hukauka. Pindo moja tu hukutwa na fundo, na fundo hilo ni bichi.